Maswali ya Wasomaji: Taa Ikunjikayo na Kazi Yake Mwilini

Barua nne za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kakamega, Kisumu na Bungoma, na zote zinauliza kuhusu taa za LED, yaani diodi zitoazo mwanga, hasa zile ndogo zinazosemekana kukunjika. Kwa kuwa nilitengeneza vifaa vya hospitali kwa miaka mingi kabla ya kushika safu hii, nimeamua kuzijibu zote pamoja, ingawa si kwa urefu ulio sawa.

*Mhariri, mimi ni fundi wa stima, na kazi yangu kubwa ni kufunga tepe za taa za LED katika saluni na ndani ya matatu. Tepe hizo huzimika vipande vipande, hasa ninapozikunja penye pembe, na za matatu hufa mapema kuliko za saluni. Mteja mmoja ameniambia kuwa ng'ambo kuna LED zinazokunjika zenyewe kama nguo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, hizi zetu ni nini?*
Fundi, Free Area, Nakuru

Fundi, mteja wako amesema kweli, lakini unachokifunga wewe ni kitu kingine, na tofauti kati ya vitu hivyo viwili ndiyo inayokuharibia kazi. Chukua kipande cha utepe wako ukitazame kwa kioo cha kukuza. Utaona kijumba cheupe cha plastiki, na ndani yake kitu cha manjano kama utomvu uliokauka. Chini ya manjano hayo kuna punje ya fuwele, ndogo kuliko punje ya chumvi ya mawe, na hiyo ndiyo diodi yenyewe. Punje hutoa mwanga wa buluu, unga wa manjano hugeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa manjano, na jicho likipokea vyote viwili kwa pamoja huona weupe. Kinachokunjika hapo ni plastiki na shaba ya utepe peke yake. Kijumba hakikunjiki, fuwele haikunjiki, na risasi ya kulehemu inayokishika kijumba haikunjiki. Namba unayoisoma kwenye kibandiko, kama 2835, ni vipimo vya kijumba: milimita 2.8 kwa 3.5. Ukipiga kona chini ya kitu kigumu cha upana huo, risasi hupasuka ufa usioonekana kwa macho, na kwa kuwa taa hufungwa tatu tatu kwa mfululizo katika utepe wa volti 12, ufa mmoja huzima zote tatu. Kunja katikati ya vijumba, kwa mviringo mpana, na usiupinde utepe kwa ubavu wake hata kidogo. Penye pembe kali, kata kwenye alama ya mkasi uunganishe kwa waya.

Matatu ina shida yake ya pili. Kila diodi nyeupe huhitaji karibu volti 3, kwa hiyo tatu hutumia 9, na zile 3 zinazobaki humezwa na rizista, yaani kizuia mkondo, ndogo nyeusi iliyo kando yao na kugeuka joto. Injini inapowaka, umeme wa gari hupanda kupita volti 14. Diodi haziongezi mahitaji yao kwa kiasi hicho, kwa hiyo karibu nyongeza yote huangukia rizista: badala ya volti 3 hubeba karibu 5, mkondo hupanda kwa zaidi ya nusu, na utepe ulioundwa kwa baridi ya saluni huanza kujichoma. Weka kidhibiti volti kati ya gari na utepe, na ubandike utepe juu ya mhimili wa alumini badala ya kuubandika moja kwa moja juu ya plastiki au zulia. Kidhibiti hicho ni cha bei ndogo ukilinganisha na kurudia kazi yote.

Sasa tuje kwa ile inayokunjika kweli. Fuwele za kutengenezea LED ni kavu kama kioo, na zikivutwa kwa karibu asilimia 1 ya urefu wake huvunjika. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba kitu kinapokunjwa, kiasi kinachovutwa upande wa nje hutegemea unene wake. Kibao cha fuwele chenye unene wa mikromita 100, ambao ni kama unywele mnene, ukikizungushia msumari wa nusu kipenyo cha milimita 1, upande wake wa nje ungelazimika kuvutika kwa asilimia 5, na hapo kingekuwa kimevunjika zamani. Fuwele hiyo hiyo ikipunguzwa hadi mikromita 2.5, katika kunja ile ile huvutika kwa takriban sehemu moja tu ya nane ya asilimia 1. Ugumu nao hupungua kwa kasi kubwa zaidi: unene ukipungua mara kumi, ugumu wa kukunja hupungua mara elfu moja. Kwa hiyo hakuna aliyevumbua fuwele laini. Walichofanya ni kuipunguza unene ile ile ngumu hadi ikawa nyembamba kama utando, jinsi bati la mabati linavyoweza kuviringishwa ilhali chuma cha reli hakiwezi.

Kundi lililoonyesha njia hiyo kwa uwazi lilikuwa la John Rogers, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, mwaka 2009. Diodi nyekundu huoteshwa juu ya bamba, na chini yake huwekwa tabaka la muda la madini yanayoyeyuka kwa tindikali. Tabaka hilo likishaliwa na tindikali, diodi hubaki zikining'inia kwa vishikizo vidogo. Kisha hushuka muhuri wa mpira laini wa silikoni. Ukiunyanyua muhuri kwa haraka, diodi hunata na kuondoka nao. Ukiunyanyua polepole juu ya plastiki mpya, hubaki kwenye plastiki. Mimi huona uzuri mkubwa katika hilo, kwamba mashine ya kuhamisha maelfu ya taa inategemea tofauti ya mwendo wa mkono. Waya za kuziunganisha hazinyooshwi, bali hupindwapindwa kama mto Nzoia unapokaribia ziwa, ili mpira unapovutwa, waya zijinyooshe bila kukatika.

Diodi za buluu zina ugumu wake, kwa sababu fuwele yake, iitwayo galiamu naitraidi, huoteshwa juu ya yakuti samawi, jiwe ambalo tindikali haliliwezi. Hapo hutumiwa leza inayopita ndani ya yakuti na kuvunja utando mwembamba sana wa fuwele pale zinapokutana: naitrojeni hutoka kama hewa, na galiamu hubaki kama metali inayoyeyuka kwa nyuzi 30 hivi za selsiasi, joto la mchana wa kawaida Kisumu. Buluu hiyo ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014, kwani bila buluu hakuna LED nyeupe ya namna unayoiuza.

Faida ya diodi hizi nyembamba katika kuangazia nyumba si kukunjika peke yake. Taa moja kubwa hukusanya joto mahali pamoja na hudai bati zito la kuipoza, lakini ukitawanya mwanga ule ule katika diodi elfu ndogo zilizoachana nafasi, kila moja hutoa joto dogo linaloondoka lenyewe, na unaweza kuifunika nguzo ya duka kwa karatasi inayowaka. Kinachochelewesha ni gharama ya kuhamisha diodi elfu bila kukosa hata moja. Kwa sasa, fundi, endelea na utepe wako, lakini usimwambie mteja kwamba unakunjika pasipo mpaka.

*Mwalimu, pokea salamu zangu. Nilijifungua mwezi uliopita, na siku ya tatu mtoto akawa wa manjano hadi macho. Alilazwa chini ya taa za buluu siku mbili akiwa amefunikwa macho, nami niliruhusiwa kumtoa wakati wa kunyonyesha tu. Mama mwenzangu wodini alisema kuna blanketi linalowaka ambalo mtoto hufungwa nalo akiwa kifuani. Shemeji yangu anauza taa za rangi sokoni. Je, utepe wa buluu hauwezi kushonwa kwenye leso, ili akina mama wasilale hospitalini?*
Mama Mtoto, Kakamega

Mama, hongera kwa mtoto. Nitaanzia mwisho wa swali lako kwa kuwa hapo hapasubiri: tafadhali usishone leso hiyo, na ukimwona mwenzako akiishona, mzuie. Najua wazo lako limetokana na huruma, na lina akili ndani yake, kwa hiyo nitakueleza kwa urefu kwa nini nakukataza.

Chembe nyekundu za damu zinapozeeka huvunjwa, na mabaki yake hutoa rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini la mtoto mchanga bado halijapata nguvu za kuiondoa yote. Mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 460 hadi 490, unapoifikia bilirubini iliyo chini ya ngozi, huigeuza umbo, na umbo hilo jipya huyeyuka katika maji, hivyo likatoka kwa nyongo na mkojo bila kulingoja ini. Jambo hili lilitambuliwa na muuguzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto nje wapate jua, na siku moja akawaonyesha madaktari mtoto ambaye umanjano wa ngozi yake ulikuwa umefifia kila mahali isipokuwa pale shuka ilipokuwa imemfunika. Daktari Richard Cremer na wenzake wakalifuatia, wakaunda kitanda cha taa, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yao.

Lakini mwanga huo ni dawa, na dawa ina kipimo. Kwa tiba ya nguvu, madaktari wa watoto hutaka angalau mikrowati 30 kwa kila sentimita mraba ya ngozi kwa kila nanomita ya mawimbi hayo. Jicho halina uwezo wa kupima hilo. Niliwahi kuitwa katika wodi moja ambako watoto walikuwa wakikaa chini ya taa siku nyingi bila kupata nafuu. Nilipoingia, chumba kizima kilikuwa cha buluu, na mtu yeyote angeapa kwamba taa zina nguvu. Nikaweka kipima mwanga juu ya godoro, kikasoma 8. Mirija ya taa ilikuwa imezeeka, kioo cha kinga kilikuwa na vumbi, na taa ilikuwa imeinuliwa juu mno ili isimsumbue muuguzi anapoinama. Tulipobadilisha mirija, tukapangusa kioo na kuishusha taa hadi pale mtengenezaji alipoelekeza, kipima kilipita 30. Sijasahau namba ile 8, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watoto, na bilirubini ikizidi huingia ubongoni na kumwachia mtoto uziwi au ulemavu wa viungo usiotibika.

Utepe wa sokoni hauna anayejua unatoa kiasi gani wala katika wimbi lipi. Shaba yake iko wazi, mtoto hukojoa, na ngozi ya siku tatu huungua kwa joto ambalo mkono wako wewe ungeliona la kawaida. Zaidi ya hayo, chini ya mwanga wa buluu huwezi kuuona umanjano wa mtoto, kwa hiyo nyumbani ungedhani anapona ilhali anazidi. Hospitalini hupimwa damu.

Hata hivyo mwenzako wodini hakukudanganya. Mablanketi hayo yapo. Ya kwanza yalikuwa na taa ndani ya sanduku, na mwanga ukasafirishwa kwa nyuzi nyembamba hadi kwenye kitambaa kinachowekwa mgongoni mwa mtoto. Ya sasa huwa na LED zenyewe ndani ya pedi, na LED hudumu na nguvu yake kuliko ile mirija. Udhaifu wake ni kwamba pedi hufunika sehemu ndogo ya mwili, na kitu kigumu huacha nafasi mgongoni na kiunoni ambako mwanga hupotea. Hapo ndipo diodi nyembamba zinazolala na ngozi zinapoleta tumaini: mwanga ukiwa karibu na mwili huhitaji umeme kidogo, pedi inaweza kumzunguka mtoto, naye anaweza kutibiwa akiwa kifuani mwa mama, akinyonya. Kunyonya kwenyewe ni sehemu ya tiba, kwa kuwa bilirubini iliyogeuzwa lazima itoke kwa choo.

Usimweke dirishani pia ukidhani jua litafanya kazi hiyo, kwa sababu jua la moja kwa moja lina miale inayounguza na joto linalomkausha mtoto. Madaktari waliofanya utafiti Lagos, uliochapishwa mwaka 2015, walipata matokeo mazuri kwa jua, lakini jua lililochujwa kwa karatasi maalumu za kuzuia miale hiyo, na watoto wakiangaliwa saa zote.

Neno moja kwa akina mama wa magharibi mwa Kenya. Huku kwetu, ambako malaria imekuwapo tangu jadi, wapo watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD katika chembe nyekundu za damu. Mtoto wa aina hiyo akivalishwa nguo zilizohifadhiwa na vidonge vyeupe vya naftalini, chembe zake zinaweza kuvunjika kwa wingi na umanjano ukapanda kwa siku moja. Fua nguo alizorithi kutoka kwa ndugu zake na uzianike kabla ya kumvalisha. Mtoto akiwa wa manjano kabla ya kutimiza saa 24 tangu kuzaliwa, au akikataa kunyonya, akilegea, au akilia kwa sauti nyembamba isiyo ya kawaida, mpeleke hospitali usiku huo huo. Kwa ngozi nyeusi, tazama weupe wa macho, ufizi na nyayo.

*Mhariri, ninamuuguza baba yangu mwenye ugonjwa wa mapafu, na tumenunua kipima oksijeni cha kubana kidole. Namba zake hubadilika tukibadilisha kidole. Dada yangu ana hina vidoleni na kwake kinasoma vingine kabisa. Nimesikia pia kwamba vifaa hivi havisomi vizuri ngozi nyeusi. Je, kile cha kubandika kama plasta ni bora?*
Mwanafunzi, Kondele, Kisumu

Kifungue kibanio hicho gizani, utaona LED nyekundu ikiwaka. Kando yake kuna ya pili usiyoiona. Ielekezee kamera ya mbele ya simu, na mara nyingi utaona doa la zambarau. Ya kwanza hutoa nanomita karibu 660, ya pili karibu 940. Damu yenye oksijeni hunyonya zaidi ile isiyoonekana, na damu iliyopungukiwa hunyonya zaidi nyekundu. Takuo Aoyagi, mhandisi wa kampuni ya Nihon Kohden nchini Japani, ndiye aliyegundua mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba ukifuata tu sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka pamoja na mapigo ya moyo, unaitenga damu ya mishipa na ngozi, mfupa na kucha. Ndiyo maana kidole baridi, kisicho na mapigo ya kutosha, hutoa namba isiyoaminika. Mpashe baba mikono joto, atulie, usubiri namba isimame kabla ya kuiandika. Hina nyeusi na rangi nzito ya kucha huingilia mwanga. Tumia kidole kisichopakwa.

Kuhusu ngozi, ulichosikia ni kweli, na mimi ninalichukulia kwa uzito mkubwa kwa kuwa linatuhusu sisi. Mwaka 2020, madaktari wa Michigan, Marekani, walichapisha ulinganisho wa wagonjwa ambao kifaa kiliwasomea kiwango cha oksijeni kati ya 92 na 96. Kipimo cha damu yenyewe kilionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa weusi asilimia 11.7 walikuwa chini ya 88, na miongoni mwa weupe asilimia 3.6. Yaani kifaa kilimwambia mtu mweusi yu salama mara tatu zaidi ilhali anakosa hewa. Kwa hiyo tazama mwelekeo kuliko namba moja: ikiwa baba huwa 95 na leo ni 91, na anahema, usiridhike.

Plasta hufanya kazi kwa kanuni ile ile, isipokuwa diodi na kipokezi hukaa upande mmoja na kusoma mwanga unaorudi. Kwa kuwa inalala na ngozi haitikisiki ovyo, haibani, na inaweza kuvaliwa usiku kucha kifuani au kwenye unyayo wa mtoto. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha mwaka 2019 vipande viwili vya namna hiyo, visivyo na waya, kwa watoto njiti wenye ngozi inayochubuka kwa gundi ya kawaida. Lakini wembamba hauondoi kasoro ya rangi ya ngozi. Ukiuziwa, uliza kwanza kama kimejaribiwa kwa watu wa rangi yako, na muuzaji asipokuwa na jibu, baki na kibanio.

*Mwalimu, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamesoma kwamba taa hupandikizwa ubongoni. Nawaambiaje?*
Mwalimu wa Fizikia, Bungoma

Waambie ni kweli kwa panya. Mwaka 2013, watafiti wa Illinois na wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliingiza ndani ya ubongo wa panya diodi zenye upana wa mikromita 50, zikiwa zimegandishwa kwenye sindano kwa gundi ya hariri. Gundi iliyeyuka baada ya dakika chache, sindano ikavutwa, diodi zikabaki, nazo zikapokea umeme kwa redio. Neva za kawaida hazihisi mwanga, kwa hiyo kwanza walizipa jeni ya protini inayohisi mwanga, ambayo asili yake ni mwani wa majini.

Kwa binadamu, hatua iliyofikiwa iko jichoni, na taa yenyewe haikupandikizwa. Mtu mmoja aliyekuwa kipofu kwa maradhi ya retina alipewa jeni ya namna hiyo na miwani inayorusha mwanga wa kaharabu ndani ya jicho, na mwaka 2021 ikaripotiwa kwamba aliweza kuliona daftari lililowekwa mezani na kulishika. Kupandikiza taa yenyewe ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa mwili ni maji ya chumvi yenye joto, na maji hayo yakipenyeza penye ufa mmoja, waya huoza. Mwonyeshe kila mwanafunzi waya mwembamba wa shaba ulioungwa na betri ndani ya gilasi ya maji ya chumvi, uuache wiki moja, kisha aunyanyue mwenyewe.